Bustani Tuliyomlimia Nedyalka

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi saba ya utumishi, Bi. Nedyalka Karajova, mtunza bustani wa hospitali yetu ya mapafu ya watoto hapa Yavorna, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025. Hafla ya kumuaga itafanyika saa sita mchana katika bwalo la chakula. Wote mnakaribishwa. Mwenyewe amesema atakuja mguu ukimruhusu, na kwa sisi tunaomjua, hiyo maana yake haji.

Ofisi ya mkurugenzi imeniomba mimi, Tsonka Mihova, mpishi mkuu, nimwandikie wasifu mfupi wa kuchangamsha kwa ajili ya gazeti letu la ukutani. Ukurasa mmoja, wameniambia, na usisahau picha. Picha nimeweka. Kuchangamsha nitajitahidi. Ila ukurasa mmoja hautoshi, na kwa kuwa ufunguo wa kabati la kioo la gazeti hili ninao mimi, mtasoma mpaka mwisho.

Shangazi Nedyalka, kama tunavyomwita wote kuanzia madaktari hadi watoto wa wodi ya pili, aliajiriwa Machi 1994. Ndio mwaka ambao trekta la hospitali liliuzwa na dereva wake akaenda Ugiriki kuchuma machungwa. Alikabidhiwa bustani yenye ukubwa wa nusu uwanja wa mpira, sepetu mbili, na toroli lisilo na gurudumu. Msimu wa kwanza alilima kwa mkono, ardhi yote, kama walivyolima waliomtangulia. Vuli ile alipanda mti wa plamu kuchuma matunda ya juu, tawi likakatika, akaanguka na kuvunjika nyonga.

Majira ya kuchipua yaliyofuata hakuweza hata kushika sepetu. Mwanamume wa kumsaidia hakuwepo, mafuta ya trekta hayakuwepo, na trekta lenyewe lilikwisha kwenda zake. Basi akafunika ardhi kwa nyasi kavu zilizonyeshewa, ambazo wafugaji walikuwa wanazitupa, akalaza viazi chini yake na kwenda kukaa. Wakamcheka. Mwezi wa nane akazifunua nyasi zile kama mtu anayefunua blanketi, na viazi vilikuwa vimelala pale juu ya udongo, safi, vinene, havina haja ya kuchimbwa. Toka siku hiyo hakulima tena. Sepetu moja aliifanya komeo la lango, na nyingine akampa mlinzi asukumie theluji.

Nyonga ilipona. Naomba hilo mlishike. Mimi niliajiriwa mwaka 1999, na mwaka 2001 Shangazi alicheza ngoma kwenye harusi yangu mpaka mpiga zumari akaomba apumzike. Fimbo anayotembelea sasa ameianza juzi juzi tu, na ni ya uzee, kama itakavyotufika sote.

Kazi yake ilikuwa hivi. Vuli ikifika, watu wakishika masepetu, yeye alikuwa anafunika. Majani ya msituni, nyasi, maboksi ya dawa yaliyokunjuliwa, maganda yote ya jikoni kwangu. Maharage yakikauka aliyakata juu, mizizi akaiacha humo humo ardhini. Kitunguu saumu alikididimiza kwa kidole gumba. Saladi na shibiti, ile ya kunukisha supu, zilijiotea zenyewe, na zilipojiotea mahali pasipofaa aliziacha kwanza aone zimefuata nini huko. Kwenye kona alirundika matawi makavu, humo wakaishi vyura na kalunguyeye, nao ndio waliomaliza konokono. Dawa hakupiga. Kumwagilia alimwagilia mara chache, kwa sababu chini ya matandazo yale udongo ulikuwa na unyevu hata mwezi wa nane. Magugu aliyafunika tu, hakugombana nayo.

Muda uliobaki alikaa kwenye kiti cha plastiki akinywa kahawa, mbele ya madirisha ya ofisi, bila haya. Hapa ndipo alipopata jina la Mvivu wa Serikali. Mhasibu mmoja, Mungu amrehemu, alimfuata akamuuliza analipwa kwa kazi gani. Shangazi akamjibu, "Mimi sifanyi kazi, mwanangu. Wafanyakazi wako huko chini, wana mikia miwili na hawaombi likizo." Alikuwa anawasema nyungunyungu. Mhasibu akaandika barua kwa uongozi.

Kamati ya usafi nayo haikumwacha. Miaka mitatu mfululizo jina lake lilibandikwa kwenye ubao chini ya neno CHAFU, kwa wino mwekundu, kwa sababu bustani yake haikuwa na mistari na ilikuwa na nyasi kila mahali. Kisha ukaja ule mwaka wa ukame, kijiji kizima nyanya zikaungua kwenye miche, visima vikakauka. Kwa Shangazi tulichuma nyanya za rangi ya waridi mpaka mwisho wa Septemba, na mkurugenzi alipiga picha akiwa katikati ya bustani ile, amekunja mikono ya shati kana kwamba ametoka kupalilia. Picha hiyo bado iko ukutani nje ya ofisi yake. Mkiangalia vizuri, pembeni kuna kiwiko. Ni cha Shangazi, walimkata.

Mafanikio yake nitayataja kwa kifupi kwa sababu mnayajua, mmeyala. Msimu wa baridi wa mwaka tisini na saba, mkate ulipokuwa na bei moja asubuhi na nyingine jioni na hospitali nyingine zikiwarudisha watoto makwao, hapa watoto sitini walikula supu kila siku, maana Shangazi alikuwa anafunua theluji, anafunua nyasi, anachomoa liki mbichi, vile vitunguu virefu vya majani, kutoka kwenye ardhi ambayo haikuganda. Mpishi aliyenitangulia alinisimulia hayo akilia. Mimi mwenyewe, kwa miaka ishirini na sita, sijanunua boga, sijanunua kitunguu saumu, na kila Septemba tumekaanga na kusaga pilipili hoho zake tukajaza mitungi mia tatu ya rojo ya kupaka mkate. Mtoto aliyekuja hapa hataki kula alipelekwa kwa Shangazi akaokote viazi, na jioni alikula.

Sasa nifike nilikokusudia.

Mwaka jana mkurugenzi, Dk. Harizanov, alitangaza kwamba Shangazi akistaafu bustani itakuwa maegesho ya magari ya wageni, na mboga zitaletwa na kampuni, zikiwa zimegandishwa. Shangazi hakubishana. Aliandika barua kwa taasisi moja ya kilimo, akaandika ya pili, akaandika ya tano. Taasisi ikajibu kwamba inatafuta shamba la mfano la kufundishia wanafunzi, ardhi ambayo haijaguswa na jembe kwa miaka mingi, na kama yake kweli ni ya miaka thelathini, basi nchi nzima hawaijui nyingine. Wangeikodi, wangeitunza, jikoni ingepata mboga kama kawaida. Sharti moja tu: waje waione, wachimbe kidogo, wahakikishe haijatifuliwa. Mkurugenzi akakubali, maana maegesho yanagharimu. Siku ikapangwa, Jumanne ya tarehe 14 Oktoba, na sisi wengine tuliambiwa tu kwamba maprofesa wanakuja.

Shangazi alifurahi kwa namna yake, yaani alikunywa kahawa mbili. Jumamosi kabla ya siku hiyo alikuwa na safari ya kwao, kwenye ibada ya nusu mwaka ya marehemu dada yake. Mimi ndiye niliyemchemshia ngano ya kupeleka kanisani, ambayo kwetu huliwa kwa kumkumbuka marehemu. Alipokuja kuichukua aliniachia ufunguo wa lango akasema, "Tsonka, asiingie mtu. Nataka waione kama ilivyo."

Nikasema sawa, Shangazi, nenda salama. Na ndani ya moyo wangu nikamwonea huruma.

Wageni wa gazeti hili ambao hawakuzaliwa huku huenda wasielewe. Kwetu, bustani ambayo haijalimwa ikifika Oktoba ni aibu ya nyumba. Watu wanapita, wanachungulia uani, wanaulizana kama humo ndani wamekufa wote. Ardhi ya mtu mwenye heshima inaingia baridi ikiwa nyeusi, imepinduliwa, haina hata jani. Na mzee asiyejiweza, au mjane, hatumwachi aumbuke. Tunakwenda na masepetu yetu siku ambayo hayupo, tunamlimia, tunaondoka bila kusubiri shukrani. Baba yangu alifanya hivyo kwa majirani watatu mpaka alipokufa. Hakuna wema tunaoujua ulio mkubwa kuliko huo.

Kwa hiyo Gencho, dereva wa gari la wagonjwa, alipokuja jikoni Jumamosi asubuhi na mashine ya kulimia ya shemeji yake, sikushangaa. Nyuma yake walikuwa watu wanane. Sitawataja, mnajijua.

"Dada Tsonka, fungua lango," akasema. "Jumanne wanakuja maprofesa, na ile bustani inaonekana kama kitanda cha mlevi. Watamcheka mtu mzima."

"Kasema asiingie mtu."

"Atasemaje sasa? Nyonga ndiyo hiyo, kuinama hawezi, na mdomo wa kuomba hana. Miaka yote anajitetea eti ardhi haitaki kulimwa. Ulishaona wapi ardhi isiyotaka kulimwa?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimekula kutoka kwenye ardhi ile robo karne, nilikuwa nimeingiza mkono kwenye udongo wake mara elfu na kukuta ni laini kama keki, na bado niliamini kwamba Shangazi halimi kwa sababu anaumwa, na kwamba maneno yake yote ni sitara ya mtu anayeona haya. Nikafungua lango. Nikawawekea na sufuria ya supu ya maharage, wasilime na njaa.

Walifanya kazi vizuri, haki yao niwape. Matandazo yote waliyakokota kwa reki mpaka kwenye uzio wakayachoma, na kwa kuwa upepo ulielekea kwenye majengo, wauguzi wa hospitali ya mapafu walifunga madirisha na wakatupungia mkono kupitia kwenye vioo. Rundo la matawi la kalunguyeye liliungua pia. Mashine ilipita mara mbili, urefu na upana. Saa kumi jioni bustani ilikuwa nyeusi na sawa kama meza. Tukasimama pale tumeegemea masepetu, mmoja akatoa chupa ya konyagi ya plamu, tukanywa kwa afya ya Shangazi. Nilikuwa na furaha. Sina kumbukumbu nyingi za furaha safi namna ile, na hii sasa sijui niiweke wapi.

Alirudi Jumapili kwa basi la jioni. Sikumwona alipofika langoni. Mlinzi anasema alisimama muda, akaingia, akapiga hatua kama sita hivi, akarudi nyuma kwa kukanyaga alama zake zile zile, akafunga lango. Jumatatu alikuja kazini, akanywa maji, hakuuliza kitu. Mimi nikadhani ameguswa mno hata anashindwa kushukuru. Nikamkatia kipande cha keki.

Jumanne wakaja. Alikuwepo Bi. Yoana Terzieva wa taasisi, mama wa makamo mwenye viatu vya matope, pamoja na wenzake wawili na vifaa vyao. Mkurugenzi alivaa tai. Bi. Terzieva hakuhitaji kifaa. Alichuchumaa, akachukua donge, akalivunja, akalinusa, akanyanyua macho.

"Hapa pamelimwa," akasema. "Lini?"

Tulikuwa tumejipanga kando ya uzio, wote kumi, tumechana nywele. Nakuambieni ndipo nilipoelewa, na niliona Gencho pia ameelewa, kwa sababu alivua kofia.

Shangazi alisema, "Juzi. Nimelima mwenyewe. Nilitaka wageni wakute pasafi."

Bi. Terzieva akaitazama fimbo. "Mama, kwa mguu huo?"

"Kwa mguu huu huu."

"Na ulijua sharti letu?"

"Uzee," akasema Shangazi. "Nilisahau."

Mkurugenzi akacheka, akamshika bega, akawaambia wageni kwamba huyu mama ndivyo alivyo, mchapakazi hana mfano. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumwita mchapakazi. Alimwita siku hiyo. Na sisi kumi tulisimama pale, hakuna aliyefungua mdomo, wala mimi. Maneno niliyokuwa nayo yalikuwa manne tu, tumelima sisi si yeye, na sikuyasema. Wageni walikunywa kahawa kwa adabu wakaondoka kabla ya chakula. Barua ya kukataa ikaja baada ya siku tisa. Kokoto za maegesho zinamwagwa Jumatatu, tarehe 3 Novemba.

Siku ile ya barua nilimfuata kwenye kibanda chake. Nilikuwa nimejiandaa kulia, na nililia. Nikamuuliza kwa nini hakutusema.

"Ningewasema, ingerudi?" akajibu.

Nikamwambia tulitaka kumsaidia, Shangazi, tulidhani ni nyonga.

Alikuwa anachambua mbegu za boga juu ya gazeti. Hakuacha. Akasema, "Miaka thelathini nimewaambia kwa mdomo huu. Mlikuwa mnaisikiliza nyonga." Kisha, akitenga mbegu mbovu kando, "Wengine wale sina neno nao, walikuwa wanakula tu. Wewe, Tsonka, ulikuwa unakuja kuchuma mwenyewe. Nimekulisha miaka ishirini na sita na hukuniamini hata siku moja."

Kama angenitukana ningejua pa kushika.

Tangu siku hiyo hali tena chakula cha jikoni. Analeta mkate wake na jibini amefunga kwenye kitambaa. Ila kazi amefanya mpaka dakika ya mwisho, na ninataka mwajiri wake ajue ni kazi gani. Wiki hii nzima, na fimbo yake, amekuwa akisukuma toroli kwenda msituni na kurudi na majani, akitandaza juu ya ile ardhi nyeusi. Gencho alimkimbilia ampokee toroli, akamwondoa kwa kumtazama tu. Juzi nilishindwa kujizuia nikamwambia kutoka nje ya uzio kwamba Jumatatu wanamwaga kokoto, anahangaika ya nini.

"Haiachwi uchi," akasema, akaendelea.

Hadi ninapoandika haya amefunika robo tatu. Hakuna aliyethubutu kumsaidia, na safari hii tumefanya vizuri.

Kwa niaba ya chama cha wafanyakazi natangaza kwamba Bi. Karajova atakabidhiwa cheti, shada la maua, na mashine ya kupimia shinikizo la damu. Kwenye hafla mtakula pilipili hoho za kujazwa. Zimetoka kwenye mfuko wa kampuni, zimegandishwa, hazina harufu, na nimezipika kadiri nilivyoweza. Atakayelalamika asije kwangu.

Shangazi Nedyalka, hii naibandika Alhamisi jioni ili uipite asubuhi ukienda kuchukua toroli. Ofisi ikitaka kuiondoa itabidi ivunje kioo. Nimeandika wazi kwamba kazi uliyosema umeifanya tuliifanya sisi, na nakala moja nimempelekea Bi. Terzieva, na sahihi yangu. Haitarudisha kitu, umeshaniambia. Nimeipeleka kwa sababu huko kwao wameandika kwenye karatasi kwamba mtunza bustani wa Yavorna ndiye aliyeiharibu bustani yake, na karatasi hiyo ni ya uongo.

Tunakushukuru kwa liki za chini ya theluji, kwa mitungi mia tatu kila mwaka, kwa watoto walioondoka hapa wakiwa na mashavu. Mimi nakushukuru pia kwa Jumanne ile, ingawa sikustahili na hukufanya kwa ajili yangu. Nenda kwenye nyumba yako na kipande chako cha ardhi nyuma yake. Tunakutakia afya, miaka mingi, na majirani wavivu.